Sura ya Agatha wa Vaulmery

Vaulmery, Morvan
9 Novemba 1868

Zélie, mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usinitafutie makosa ya herufi. Mtawa aliyetufundisha kuandika angekuwa hai angenichapa mimi kwa mwandiko, na wewe angekuchapa kwa mengine.

Juzi serikali ya Paris ilituletea picha ya kutundika kanisani. Unajua paroko alivyoiomba miaka sita mizima. Hapa kwetu kila mwanamke mwenye maziwa ananyonyesha watoto wa mabwana wa Paris, msimamizi wa maziwa ni Mtakatifu Agatha, na sanamu yake ya zamani imekwisha kwa wadudu. Basi sanduku likaja kwa gari la ng'ombe, likafunguliwa mbele ya altare, wanawake wote wamepiga magoti. Nikainua macho. Zélie, ni wewe. Umefungwa kwenye nguzo, kifua wazi, wauaji wanakujia na koleo za kukukatia matiti kama walivyomkata Agatha, na kidevuni liko lile kovu alilokuachia baba kwa kisu cha kuchongea mitalawanda, vile viatu vyake vya mti. Mchoraji hakukusamehe hata hilo.

Hakuna mwingine aliyekutambua. Uliondoka ukiwa na miaka kumi na saba, na wengi waliokujua wako makaburini. Sasa wanawake wanakupangusa kifua kwa leso, wanazitia leso ndani ya blauzi zao, na mke wa mhunzi anaapa maziwa yalimtoka jioni ile ile. Mdogo wangu, kimada wa Baroni de Brézolles, ambaye picha zake zinauzwa kwenye madirisha ya maduka huko Paris, anawapa watu maziwa. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu Noémie alikuwa amesimama chini yako na mshumaa, mwanga umewapiga nyote wawili. Ana miaka kumi na mitatu na ni wewe mtupu. Namwita binti yangu, naye ananiita mama, lakini siku moja itabidi ajue ni nani aliyemzaa.

Mume wangu Anthelme anakusalimu. Yeye anasema picha ni nzuri. Nimemnyima supu.

Dada yako,
Perrine


Paris
17 Novemba 1868

Dada,

Nimecheka mpaka mtumishi wangu Sidonie akaniletea maji. Nilimsimamia yule mzee mchoraji siku kumi na moja, mikono imefungwa kwa kamba kwelikweli, maana hawezi kuchora kamba asiyoiona. Sikujua serikali itainunua, wala sikujua itatupwa kwenu. Hector, baroni wangu, alikuwa akija kila siku, anakaa kitini, anaitazama ile kamba.

Waache wajipanguse. Wakipata maziwa, sina ubaya nao.

Ila nakusihi, Perrine, kama nilivyokusihi mara elfu. Ukiandika juu ya mtoto, andika "binti yangu", ukomee hapo. Hector anasoma kila ninachoacha mezani. Anajua nina dada kijijini. Kwamba nilizaa hajui, na hatakiwi kujua. Barua zako huwa nazichoma. Hii ya mshumaa imenishinda. Nimeificha chini ya nyuzi kwenye kisanduku cha kushonea, nataka kuisoma mara moja au mbili tena.

Mwandiko umepinda kwa sababu karatasi inanihama. Nimeanguka kutoka farasini, mkono wa kushoto hauna kazi. Si kitu.

Mbusu binti yako.
Zélie


Vaulmery
2 Desemba 1868

Zélie,

Toinette amerudi, baada ya miaka miwili ya kunyonyesha Paris. Anasema alikuona mwezi wa Oktoba ndani ya gari lako kwenye msitu wa Boulogne, umejifunika shela nene na jua linawaka. Upepo ukaipeperusha. Anasema jicho lako lilikuwa jeusi kama zabibu na mdomo umepasuka.

Farasi gani huyo, mdogo wangu, anayepiga watu ngumi? Usinione mshamba kiasi hicho. Nimeolewa, nimezika mtoto, nimeishi na baba yetu nyumba moja. Najua alama ya mkono.

Njoo nyumbani. Njoo kabla ya tarehe tano Februari, sikukuu ya Agatha. Wewe umesahau mambo yetu: siku hiyo kijiji ni cha wanawake, wanaume wanafungiwa ndani wapike na kubembeleza watoto, na atakayetia pua nje tunampiga kwa vibao vya kufulia nguo mpaka acheze. Mwaka jana tulimpata mwalimu. Bado anakaa upande mmoja.

Perrine


Paris
21 Desemba 1868

Dada,

Farasi namsingizia. Ni Hector anayenipiga, tangu Pasaka. Mwanzo ilikuwa kofi, na kesho yake maua. Siku hizi maua hayaji.

Mwezi wa Oktoba kijana mmoja mwanajeshi alinivulia kofia kwenye ngazi za ukumbi wa michezo. Siku ya tatu Hector alipambana naye wawili kwa wawili, akamtoboa koo kwa upanga, nje ya mji, mbele ya mashahidi wanne waliosema kila kitu kilikwenda kwa heshima. Akarudi, akala chaza dazeni mbili, akanifulisha shati lake lenye damu huku akiniuliza kijana yule alikuwa nani wangu. Sikumjua hata jina. Nilipomwambia hivyo alinipiga ngumi za uso, halafu akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye ukingo wa mlango wa kabati, akausukuma mlango kwa bega, polepole, ananitazama machoni.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka. Kiburi, Perrine. Mabwana wakubwa wamepiga foleni mlangoni kwangu miaka kumi na tano, na mimi, mtoto wa mchonga mitalawanda, nikadhani hakuna mwanamume nisiyemmudu. Niliona aibu kukwambia kwamba nimempata.

Tarehe kumi Januari anakwenda mawindoni. Siku hiyo naondoka na sanduku moja. Mwambie Noémie mama mdogo anakuja kukaa, basi. Sitamwambia neno. Nataka tu kuwa kwenye nyumba anamopita.

Zélie


Paris
18 Januari 1869

Kwa dada yangu mpendwa Perrine,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Usistaajabu kuona mwandiko mgeni: nimeumia mkono, hivyo nayatamka maneno haya na mtumishi anayaandika. Safari yangu imeahirishwa.

Nimetafakari kwa kina juu ya mustakabali wa binti yangu, na nimeona haifai aendelee kukulia katika matope na ufukara. Nimempatia nafasi katika shule bora hapa Paris, ambako atafunzwa muziki na adabu. Tafadhali mlete binti yangu Avallon tarehe thelathini mwezi huu, kwenye kituo cha magari ya abiria. Bwana mmoja muungwana mwenye koti la kijivu atampokea. Usifuatane naye hadi Paris, kwani hali yangu hainiruhusu kupokea wageni.

Mdogo wako akupendaye,
Zélie


Paris
20 Januari 1869

Bi Perrine,

Mimi ni Sidonie, mtumishi wa dada yako. Mimi ni mtu wa Brittany na kuandika si kazi yangu, unisamehe. Usiamini barua yoyote itakayosema imetoka kwa Madame. Madame yuko hospitali tangu tarehe tisa.

Bwana alikuja bila kutarajiwa siku moja kabla ya mawindo, akakuta sanduku limefungwa. Alimwaga kila kitu sakafuni. Kisanduku cha kushonea kikafunguka, na barua yako ya mshumaa ikatoka. Aliisoma kwa sauti mara mbili. Madame akamrukia kumnyang'anya. Bwana alimwangusha, akamkanyaga vidole vya mkono wa kulia kwa kisigino, kimoja kimoja, akimwuliza mtoto yuko wapi. Jina la kijiji lilikuwa juu ya barua, Bi Perrine. Alitaka tu Madame alitaje kwa mdomo wake. Hakulitaja. Ndipo Bwana akaingia jikoni kwangu, akachukua chupa ya tindikali ninayosafishia shaba, akammwagia usoni.

Nilimpiga kwa chuma cha kuchochea moto, akanivunja meno mawili. Polisi walikuja, wakamwamkia Bwana kwa heshima, wakaandika kwamba taa ilianguka.

Jicho moja la Madame limekwisha. La pili linaona mwanga tu. Uso sitauelezea.

Bwana alisema mbele yangu kwamba atamchukua msichana, atamlea mpaka afike umri aliokuwa nao Madame alipoanza kazi, halafu atamvalisha nguo za Madame. Hatanii. Madame ameniambia nikuandikie neno moja: mfiche.

Sidonie Le Quéré


Vaulmery
26 Januari 1869

Mdogo wangu Zélie,

Pole sana kwa mkono. Barua yako imenifurahisha, maana kumlisha huyu mtoto wako kunatushinda, na shule ni jambo zuri.

Ila Noémie ni mwoga. Huko Avallon atapiga kelele mpaka askari waje. Afadhali huyo bwana muungwana aje kumchukua hapa hapa. Tarehe tano Februari ni sikukuu ya Mtakatifu wetu, wanaume wote wanakuwa majumbani, hakuna wa kumsumbua kwa maswali. Aingie kanisani saa nne asubuhi kwa mlango mdogo wa upande wa mto. Nitamkalisha mtoto mbele ya altare, amevaa vizuri.

Aje peke yake. Wanawake wa huku ni washamba, wakiona wageni wengi wanaogopa.

Dada yako,
Perrine


Vaulmery
8 Februari 1869

Kwa Zélie, hospitalini. Sidonie, msomee polepole.

Amekufa.

Barua yake ya uongo nilikuwa nimeishuku hata kabla ya ile ya Sidonie kufika. Miaka kumi na mitatu hujathubutu kumwita mtoto "binti yangu" hata mara moja, halafu ghafla mara mbili katika karatasi moja? Na hakuna utani hata mmoja. Nilimpeleka Noémie na Anthelme msituni kwa wachoma makaa, kisha nikamjibu kwa anwani yako.

Ukweli niliwaambia wanawake watatu, Toinette mmoja wao. Wengine, kama arobaini, walisikia tu kwamba mwanamume mmoja atathubutu kutoka siku ya Agatha. Kila mtu akaja na kibao chake cha kufulia, wamejiandaa kucheka.

Akaingia na koti lake la kijivu na bakora. Toinette akamwendea. "Baba, umepotea njia. Leo siku yetu. Rudi nyumbani ukamenye viazi."

"Msichana yuko wapi?"

"Wasichana ndio sisi. Chagua."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mke wa mhunzi akampiga kibao cha makalio, kidogo tu, kama ilivyo desturi. Yule bwana akavuta upanga kutoka ndani ya bakora akamchapa nao Toinette, na sikio la Toinette likaanguka sakafuni. Hakuna aliyecheka tena.

Halafu akaiona picha. Akasimama. Akalitaja jina lako la Paris, Saint-Aubry, akacheka peke yake, akapanda kwenye altare na viatu vyake, akaitumbua picha kutoka kooni mpaka kitovuni. Wanawake wale walikuwa wamejipangusia leso zao pale, Zélie. Sikuhitaji kusema neno. Walimshusha kwa koti. Kibao cha kwanza kilimvunja kiwiko, upanga ukaanguka. Vingine vilimpata goti, mbavu, meno. Tulimburuta kwa nywele katikati ya makaburi mpaka mtoni tunapofulia, tukivunja barafu kwa mwili wake. Nani alimmaliza sijui. Tulikuwa wengi na maji yalikuwa meusi.

Jana askari walikuja. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwake, na ya Sidonie wameipata chini ya godoro langu. Wameziweka pamoja, na sasa hakimu anasema nilimwita makusudi ili auawe. Wenzangu watafungwa kwa ugomvi, mimi nitakatwa kichwa. Kesho wananipeleka Avallon. Naogopa sana. Sijui Noémie atabaki na nani. Anthelme ni mtu mwema lakini hata nywele hajui kumsuka.

Perrine


Paris, hospitalini
16 Februari 1869

Kwa Mheshimiwa Hakimu Mpelelezi, Avallon

Mimi ni Zélie Courtaud, niitwaye Madame de Saint-Aubry. Jina hilo nadhani umelisikia. Natamka haya mbele ya mtawa na daktari, kwa kuwa siwezi kushika kalamu.

Baroni de Brézolles nimemwua mimi. Alitaka kuniacha, nami sijazoea kuachwa. Alipopandwa na hasira akanifanya hivi nilivyo, niliapa kulipiza. Nilimwamuru mtumishi wangu amwandikie dada yangu yale aliyoyaandika, na nikampelekea dada yangu kila neno la kumjibu. Nilimwambia kwamba bwana huyo atatishwa kidogo na kulowanishwa, kama wanavyofanya sikukuu yao. Dada yangu ni mwanamke wa shamba. Tangu utoto anafanya ninachomwambia, na hajawahi kuniuliza sababu.

Hakuna mtoto wangu popote. Hilo tulilitunga ili kumvuta Baroni, maana wanaume wa aina yake huja mbio wakisikia kuna msichana. Aliyeko Vaulmery ni binti wa dada yangu, aliyebatizwa hivyo na kuandikwa hivyo.

Sijutii. Nafikiri magazeti yangependa kujua hilo.

Nipo hapa, sina macho ya kukimbilia.

Alama ya Z. Courtaud, amegusa karatasi kwa kiganja.


Paris, gereza la wanawake, chumba cha wagonjwa
30 Machi 1869

Dada,

Sidonie anaiandika hii na ataileta mwenyewe kwa mkono. Ukishaisoma ichome.

Amenisimulia uliyomwambia ukiwa rumande: kwamba mimi ni mwongo, kwamba sikuwa na haki, kwamba utamwambia hakimu ukweli. Keti chini, Perrine. Utafungwa miezi minane, utatoka, utakwenda nyumbani. Mimi kidonda cha usoni kimeingia ndani, daktari wa hapa hapotezi tena wakati wa kunidanganya. Sina hata kichwa cha maana cha kukata.

Hakimu alikuja Paris mwenyewe kunisikiliza. Aliniamini kabla sijamaliza sentensi. Kwako wewe angehitaji ushahidi, mimi alinitazama tu. Miaka kumi na tano watu wamenisema vyovyote walivyotaka, na sijapata faida hata siku moja. Safari hii waseme.

Naogopa kufa, nisikufiche. Nalia kwa jicho ambalo halipo, inauma ajabu. Ningependa kumwona mtoto akisuka nywele. Lakini ukimwambia, atabeba mzigo wa mama aliyeua na baba asiyejulikana, na nani atamwoa huko kwetu? Usimwambie. Usiniandikie tena, barua zinasomwa.

Mtunze binti yako.
Zélie


Vaulmery
3 Oktoba 1881

Noémie,

Mwanao hajambo. Ana meno mawili, na jana aliniuma. Najua ni vigumu kumwacha wako huku ukamnyonyesha wa wengine huko Paris. Nami nilipita huko huko.

Umeniandikia kwamba katika nyumba unayofanya kazi, mabwana wakishakula wanazungumza juu ya Saint-Aubry, kimada aliyewatuma wafua nguo wakamwue baroni wake. Mpishi ana picha yake ya zamani, mmeipitisha jikoni, na wewe umecheka pamoja nao. Hukumtambua, maana hukuwahi kumwona uso kwa uso. Picha ya kanisani uliiona miezi mitatu tu utotoni, paroko akaifukia siku ile baroni alipoichana, na mimi nilihakikisha hakuna nyingine inayoingia nyumbani, wala jina lake hilo la Paris halitajwi mbele yako.

Huyo mwanamke ni Zélie, mama mdogo wako, aliyefia gerezani ukiwa na miaka kumi na minne. Tena si mama mdogo wako. Ndiye aliyekuzaa. Alikuleta kwangu ukiwa na siku tisa, wiki ile ile niliyomzika wangu, matiti yananiuma kwa maziwa. Nikakuchukua.

Na hakumwua mtu. Mimi ndiye niliyemwua yule bwana. Mahakamani tulisema alikufa katika vurugu, na hata Zélie nilimwandikia hivyo. Si kweli. Wenzangu walikuwa wameshaacha. Toinette alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika mahali pa sikio lake. Yule bwana alikuwa ameketi ndani ya maji mpaka kifuani, mkono mmoja ameuinua, wa pili haukuinuka. Akaniomba. Alisema atarudi Paris na hatutamsikia tena maisha. Nilimwamini, Noémie. Nataka ulijue hilo, kwamba nilimwamini. Nikampiga kichwani mara nne, ya mwisho akiwa ameshaanguka, kwa sababu ya vidole vya Zélie.

Yeye akalichukua tendo langu akalitia jina lake, ili wewe ukirudi kutoka msituni unikute. Aliniomba nisikwambie. Ningeweza kusema nimenyamaza miaka yote hii kwa ajili ya ombi lake, lakini nitakuwa nadanganya. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda ulivyokuwa ukiniita.

Mwombe mpishi hiyo picha. Usimcheke tena. Mimi unaweza kunichukia, nimejiandaa. Na ikiwa neno mama halitakutoka tena kwangu, niite kwa jina langu tu, nitaitika.

Perrine